Ellesmere hadi Llangollen kwa boti ya mfereji: kumbukumbu ya siku nane

Mifereji mingi ya Uingereza ina maji yaliyotulia. Huu wa Llangollen maji yake yanatembea. Mto Dee huchepushwa kwenye kingo (ukuta mfupi unaokatisha mto) ya Horseshoe Falls, juu ya mji wa Llangollen huko Wales, na takriban lita milioni 50 kwa siku hushuka mferejini hadi bwawa la Hurleston huko Cheshire, ambako husafishwa yakawa ya kunywa. Mkondo wenyewe hauonekani kwa macho, lakini ndio unaoamua saa za safari, namna ya kuingia kwenye loki (chumba cha kupandishia na kushushia boti) na muda wa kupita handaki. Nahodha anayeupuuza atapigwa ubavu na maji mara kwa mara, kisha atalaumu injini.

Ratiba hii inaanza Jumatatu na inafaa watu wanne kwenye boti ya mita 17. Yapangwe masaa, umbali uachwe kando: kilomita tano hapa huweza kula saa mbili.

Siku ya kwanza, Jumatatu: Ellesmere hadi karibu na Frankton

Stesheni iliyo karibu ni Gobowen, kwenye reli ya Shrewsbury na Chester. Kutoka hapo teksi hufika Ellesmere upesi. Boti hukabidhiwa mchana, kwa kawaida kati ya saa nane na saa kumi, kwa hiyo asubuhi itumike kununua chakula. Duka kubwa liko ukingoni kabisa mwa tawi fupi la mfereji linaloingia mjini. Mbele ya hapo vijiji ni vidogo mpaka ufike Chirk.

Leseni ya kuendesha haihitajiki kwa anayekodi. Kinachotakiwa ni amana na mafunzo ya saa moja hivi, na kosa la wengi ni kuitikia kila wanachoambiwa wakiwaza chakula cha jioni. Mwambie mkufunzi akuache ufanye mwenyewe mambo manne ambayo yatarudiwa kila asubuhi: kupima oili kwa kijiti, kutazama maji ya kupoza injini, kufungua mfuniko ulio juu ya rafadha (panga la kusukuma boti), na kukaza kikombe cha grisi cha mhimili wa rafadha. Hicho cha mwisho hufanywa pia jioni baada ya kuzima injini. Zungusha mpaka kishike, kisha acha. Usipokikaza, maji huanza kudondoka ndani kupitia tundu la mhimili usiku kucha, na pampu ya tumboni itamaliza betri.

Boti yenyewe ni ya chuma, upana mita 2.1 tu, na uzito wake hufika tani 15 au zaidi. Breki haina, inasimamishwa kwa kurudisha nyuma, nayo huchukua urefu wake wote kabla ya kutii. Kana (mpini wa usukani) ikisukumwa kulia, omo (mbele ya boti) inakwenda kushoto. Aliyezoea mashua za pwani atashika hilo mara moja, ila kuna jambo litakalomsumbua: boti hii inajizungusha karibu na katikati yake, hivyo omo ikikata kona, tezi (nyuma ya boti) inatupwa upande wa pili na kugonga ukingo. Ukirudi nyuma usukani haufanyi kazi hata kidogo. Ukitaka kunyoosha, peleka mbele kidogo kwa nguvu, kana ikiwa imeelekezwa, kisha rudisha tena.

Mwendo wa mwisho kisheria ni kilomita 6.4 kwa saa. Kipimo cha kweli ni ukingo: ikiwa nyuma yako wimbi linavunjika kwenye majani, unakwenda kasi. Mbele ya boti zilizofungwa, injini iachwe inguruma tu, na upunguze mapema kabla hujazifikia. Kinachozing'oa vigingi vyao si wimbi peke yake. Boti inayopita hunyonya maji yaliyo ubavuni mwake na kuzivuta zile zilizosimama. Kupishana ni kwa kushika kulia.

Hadi karibu na makutano ya Frankton ni mwendo wa saa mbili hivi. Penye ukingo uliokingwa kwa mabati ya chuma, tumia vibanio vinavyopachikwa nyuma ya bati. Penye udongo, piga vigingi viwili kwa nyundo, vichwa vikiegemea mbali na boti. Kamba ya omo iende mbele, ya tezi iende nyuma, kila moja ikiwa mshazari. Kamba iliyonyooka moja kwa moja kutoka boti hadi kigingi huiacha boti ikisafiri mbele na nyuma kila mwenzako anapopita, na kufikia alfajiri kigingi kimelegea. Usifunge kwenye kona, chini ya daraja, wala mahali pa kusubiria loki.

Siku ya pili, Jumanne: Frankton, New Marton, Chirk Bank

Frankton ndipo mfereji wa Montgomery unapochepuka kushoto na kuteremka kwa loki nne, mbili za kwanza zikiwa zimeungana kama ngazi. Mlinzi wa loki husimamia, na nafasi huombwa mapema kwa Canal & River Trust, taasisi inayotunza mifereji hii. Mwenye wiki mbili asiukose. Mwenye moja apite.

Kutoka hapo ni mashamba, ng'ombe na madaraja ya mawe hadi Hindford, kisha loki mbili za New Marton. Ndizo loki pekee njia nzima kati ya Ellesmere na Llangollen, na kwa sababu hiyo kila boti inayopanda au kushuka lazima ipitie mlango huo mmoja. Wakati wa kiangazi, foleni ya saa moja ni jambo la kawaida kuanzia saa nne asubuhi. Ukiondoka Frankton saa moja asubuhi utaipunguza sana.

Loki ni chumba cha mawe chenye mlango juu na chini, kirefu kuliko boti na kipana kuliko boti kwa sentimita chache tu. Kwa hiyo mito laini inayoning'inizwa kukinga ubavu wa boti ipandishwe yote kabla ya kuingia. Ikiachwa inaning'inia hujibana kati ya chuma na ukuta, na boti yenye tani 15 ikikwama maji yakiwa yanashuka chini yake, hilo si jambo la kucheka.

Maji ya mkondo yasiyoingia lokini huzunguka kwa mchirizi wa kando na kumwagika chini ya loki. Hapo ndipo wageni hupigwa. Mchirizi unamwaga ubavuni mwa omo, omo inakimbilia ukingo wa pili, nahodha anaogopa na kupunguza mafuta, na boti isiyo na mwendo haishiki usukani. Dawa yake ni kinyume cha hofu: lenga omo upande unakotoka maji, ingia na mwendo wa kutosha, na punguza baada ya omo kuwa ndani ya kuta.

Kupanda kunakwenda hivi. Washushe watu wawili mahali pa kusubiria, kila mmoja na hendeli yake ya kuzungushia gia za loki. Kwanza watazame juu: kama kuna boti inayokuja na loki imejaa, hiyo ipite, maana kumwaga loki iliyo tayari kwa mwenzako ni kupoteza maji na ni ukosefu wa adabu. Kama hakuna, wahakikishe vibao vya juu, yaani vile vinavyoziba matundu ya maji, vimefungwa, kisha wapandishe vya chini ili chumba kimwagike. Milango ya chini haifunguki kwa mabavu. Itakataa hata kwa watu watano mpaka maji ya pande zote mbili yalingane, halafu itakubali kwa mgongo wa mtu mmoja aliyeegemea boriti.

Boti ikishaingia, milango ya chini inafungwa na vibao vyake vinashushwa kwa kuzungusha hendeli. Kuvibwaga kwa kishindo huvunja meno ya gia. Ndipo vibao vya juu vifunguliwe, na hapa haraka ndiyo adui. Anza na nusu. Maji yakiingia kwa nguvu huivuta boti mbele hadi kwenye mlango wa juu, kisha huirudisha nyuma. Nahodha aweke gia ya mbele, mafuta kidogo sana, na macho yake yabaki kwenye omo. Hatari ya kupanda ni omo kunasa chini ya boriti au kitu kilichochomoza mlangoni. Omo ikinasa, tezi itaendelea kupanda na maji yataingia kwa mbele. Ikitokea, mtu apige kelele na vibao vya juu vifungwe papo hapo. Mambo mengine yatatazamwa baadaye.

Hendeli isiachwe hata sekunde moja kwenye gia. Ulimi mdogo unaozuia gia isirudi ukiteleza, uzito wa kibao huizungusha hendeli kwa kasi ya kuvunja mkono, au kuirusha majini. Kwa hilo la pili, sumaku nzito iliyofungwa kamba ni kifaa cha bei ndogo kinachookoa siku nzima. Loki moja bila foleni ni robo saa.

Baada ya New Marton hakuna loki tena. Daraja la Gledrid ndipo unapoanzia ukanda wa kilomita 18 ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2009. Mahali pazuri pa kulala ni Chirk Bank, bado upande wa England, hatua chache kabla ya mpaka.

Siku ya tatu, Jumatano: madaraja ya maji

Mpaka wa England na Wales uko chini ya boti. Daraja la maji la Chirk, yaani daraja linalobeba mfereji wenyewe, lilifunguliwa mwaka 1801, limesimama mita 21 juu ya mto Ceiriog, na pembeni yake, juu zaidi, reli inapita kwenye daraja la mwaka 1848. Ukiwa juu ya maji, juu ya mto, na treni ikapita juu yako, utaelewa kwa nini bonde hili liliwasumbua wahandisi wa vizazi viwili.

Daraja likiisha, handaki la Chirk linaanza papo hapo: mita 421, boti moja tu kwa upana. Washa taa ya mbele, simama mdomoni, tazama. Ukiona taa ndani, subiri, hata kama inaonekana mbali. Ukiingia, mkondo unakuja usoni mwako ndani ya bomba jembamba, na boti itaonekana kama haiendi. Hamu ya kuongeza mafuta ni kubwa, na ndiyo inayochelewesha: rafadha hunyonya maji yaliyo chini ya boti, tezi huzama, maji ya mbele hukosa njia ya kurudi nyuma, na unachoma dizeli ukisukuma rundo la maji. Punguza kidogo mpaka tezi inyanyuke, na mwendo utarudi. Dakika kumi hadi kumi na tano ni kawaida kwa kupanda. Njia ya miguu inapita humo humo, kwa hiyo asiyependa giza juu ya maji anaweza kutembea na kurunzi.

Funga ng'ambo ya handaki uende kwa miguu hadi ngome ya Chirk, inayotunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale. Ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 13 chini ya Roger Mortimer, katika mlolongo wa ngome za Waingereza za kuwadhibiti Wawelisi, na mwaka 1595 ikanunuliwa na Thomas Myddelton kwa pauni 5,000. Ndani ni kama nyumba nyingi za matajiri wa nchi hiyo. Kinachostahili safari ni malango ya chuma yaliyofuliwa na ndugu wa familia ya Davies mwanzoni mwa karne ya 18: majani, ndege na maua yote ya chuma cha nyundo. Sogelea uone jinsi kila jani lilivyopigwa peke yake kabla ya kuunganishwa. Hakikisha siku na saa za kufunguliwa kabla ya kuondoka botini.

Mchana, handaki fupi la Whitehouse, mita 175, kisha Froncysyllte na daraja lake dogo la kuinua, halafu daraja la maji la Pontcysyllte.

Takwimu zake zinajulikana: urefu mita 307, kimo mita 38 juu ya mto Dee, nguzo 18 za mawe, ujenzi kuanzia 1795 hadi 1805. Zenye faida zaidi kwa aliye usukanini ni zile za ndani. Hori lenyewe, yaani mfereji wa chuma unaobeba maji, ni la vibamba vya chuma vilivyosubuliwa na William Hazledine katika kiwanda kilichokuwa jirani, na viungo vyake vilizibwa kwa flaneli ya Wales iliyochovywa kwenye sukari iliyochemshwa, kisha risasi. Sehemu ya juu ya nguzo ni tupu ndani ili kupunguza uzito. Njia ya miguu haikujengwa pembeni ya hori, imewekwa juu ya maji yenyewe kwa vinguzo vya chuma, hivyo maji yanayosukumwa na boti hupata nafasi ya kupita chini ya miguu ya watembeaji. Ndiyo maana boti hukata hapa kwa wepesi kuliko ndani ya handaki la Chirk, ingawa kwa macho hori linaonekana la kubana.

Upande wa pili wa hori hauna uzio wa aina yoyote. Mdomo wa chuma umeinuka sentimita chache juu ya maji, na matundu ya kupachikia vyuma vya uzio yapo, ila uzio haukuwekwa kamwe. Kwa hiyo: watoto na mbwa ndani, milango ya ubavu wa upande huo ifungwe, na asiwepo mtu wa kukaa juu ya paa. Tazama ng'ambo kwanza, kwa maana boti mbili hazipishani. Kama upepo unavuma kwa kukatisha bonde, boti itasukumwa ikakwangua upande mmoja wa hori njia nzima. Sauti inatisha, lakini chuma hicho kimezoea. Muda wa kuvuka ni kama dakika kumi.

Vitabu vingi humpa mhandisi Thomas Telford sifa yote. William Jessop ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya mfereji, michoro ilipita mikononi mwake, na bila idhini yake hori la chuma lisingejengwa. Telford aliishi zaidi na aliandika zaidi.

Funga upande wa kijiji cha Trevor.

Siku ya nne, Alhamisi: njia nyembamba

Mfereji ulikusudiwa kwenda mbele moja kwa moja, kupita Ruabon hadi Chester. Sehemu hiyo haikujengwa, na ndiyo maana daraja kubwa kuliko yote linaishia kwenye gati dogo la Trevor. Njia ya Llangollen inakata kushoto kwa pembe kali mara tu baada ya daraja. Ingia kona hiyo polepole, omo ikibaki upande wa nje mpaka uone chini ya daraja la barabara, kwa sababu anayetoka hakuoni wala humwoni.

Kipande hiki, kilichokamilika mwaka 1808, kilichimbwa kama mfereji wa kuleta maji, wala hakikukusudiwa kupitisha boti kubwa. Ufinyu wake na kina chake kidogo vinatokana na hapo. Kwa vipimo vya safari, ndiyo saa mbili ngumu kuliko zote za wiki, na ikiwa injini ni dhaifu zinakuwa tatu. Mwamba umekatwa upande mmoja, upande wa pili ni bonde la Dee.

Karibu na Sun Bank ukingo wa mfereji ulipasuka mnamo Septemba 1945, maji yakashuka na kuibeba tuta la reli iliyokuwa chini. Treni ya barua ikatumbukia alfajiri na dereva wake akafa. Kisheria mfereji ulikuwa umeshafungwa kwa boti mwaka uliotangulia. Kilichouokoa usifukiwe ni maji ya kunywa ya Hurleston, na boti za starehe zikaja baadaye kufuata maji hayo.

Baada ya baa ya Sun Trevor kuna vipande vitatu vyembamba ambamo boti mbili haziwezi kupishana. Utaratibu ni mmoja: mtu ashuke, atembee mbele hadi mwisho wa kipande, apige simu au apunge mkono njia ikiwa wazi, na asimame pale kuwazuia wanaokuja. Mwandamano wa boti tatu upewe njia wote kwa pamoja. Boti nyingi hutoka Llangollen asubuhi, hivyo anayepanda saa nne atakutana nazo zote humo ndani. Kusubiri Sun Trevor mpaka mchana kunalipa.

Likikutokea la kukwama kwenye kina kidogo, usiongeze mafuta ya mbele. Weka gia huru, watu wote wahamie upande wenye maji mengi ili tumbo linyanyuke, omo isukumwe kwa pondo (mti mrefu wa kusukumia boti), kisha rudi nyuma kwa njia ile ile uliyoingilia. Pondo likamatie mwamba au ukingo imara, na mwenye kusukuma asiliegemeze kifuani.

Ikiwa boti inatetemeka na kupoteza nguvu ghafla, rafadha imeshika kitu. Zima injini, toa ufunguo uuweke mfukoni, fungua mfuniko, ingiza mkono polepole. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki au kamba, na kisu chenye meno hukata vyote viwili. Kabla ya kuwasha, rudisha mfuniko na uukaze mpaka mwisho. Mfuniko uliolegea unaweza kuzamisha boti, kwa kuwa rafadha ikizunguka hupandisha maji ndani na hakuna anayeyaona mpaka tezi imeanza kulala.

Gati la Llangollen lina maegesho ya kulipia, maji safi na umeme. Hapo ndipo pa kugeuzia boti. Zaidi ya hapo injini hazipiti, wanaoendelea ni wanaovutwa na farasi tu, biashara iliyoanza mwaka 1884.

Siku ya tano, Ijumaa: Llangollen kwa miguu

Anza na Castell Dinas Brân mapema, kabla ya jua na watu. Njia inapanda kutoka darajani karibu na gati, dakika 45 kwa mwenye pumzi, zaidi ya saa kwa asiye nayo, na mita mia za mwisho ni mteremko wa mawe yanayoteleza baada ya mvua. Ni magofu ya ngome ya Wawelisi ya miaka ya 1260, iliyochomwa 1277. Kuta zilizobaki ni chache, lakini kutoka juu unaona bonde zima la Dee na mfereji ukiwa mstari mwembamba ubavuni mwa kilima.

Teremka, fuata mfereji kilomita tatu hivi hadi Horseshoe Falls. Ni kingo iliyopinda ya Telford, urefu takriban mita 140, na kijumba cha kupimia maji kando yake. Jina linasema maporomoko. Usitegemee maporomoko. Kuona mahali ambapo maji yote uliyopigana nayo yanaingilia, kimya kimya, kunatosha.

Mchana gawanya kwa hali ya hewa. Mvua ikinyesha, Plas Newydd, nyumba ya Eleanor Butler na Sarah Ponsonby, waliotoroka familia zao Ireland na kuishi hapa tangu 1780. Kila ukuta wameufunika kwa mwaloni uliochongwa. Pakiwa pakavu, treni ya mvuke ya Llangollen huenda Corwen, kilomita 16, ingawa haiendi kila siku ya juma, kwa hiyo ratiba itazamwe kwanza. Chini ya daraja la mjini wapiga makasia wa kayaki hushuka kwenye mawe, na kuwatazama hakuna kiingilio.

Wiki ya tamasha la kimataifa la muziki, lililoanza 1947 na ambalo sasa hufanyika Julai, mji hujaa kwaya za mataifa. Luciano Pavarotti aliimba hapa mwaka 1955 akiwa kijana katika kwaya ya Modena pamoja na baba yake, na kwaya ikashinda. Anayetaka wiki hiyo akodi boti miezi mingi kabla, na asitegemee nafasi gatini.

Saa kumi jioni ondoka. Njia nyembamba zimetulia saa hizo na mkondo sasa unakusukuma, hivyo kinachopungua si muda tu, ni uwezo wa kusimama pia. Anza kurudisha nyuma mapema kuliko ulivyozoea. Lala Trevor.

Siku ya sita, Jumamosi: Chirk, kisha mpira

Vuka Pontcysyllte saa moja asubuhi, njia ya miguu ikiwa tupu. Kufikia saa nne boti imefungwa Chirk, karibu na stesheni.

Mji wa Wrexham ni kama robo saa kwa treni, na stesheni ya Wrexham General iko jirani kabisa na uwanja wa Racecourse. Klabu ya soka ya Wrexham iliundwa mwaka 1864 na wachezaji wa kriketi waliotaka mchezo wa majira ya baridi, na Wales ilicheza hapa mechi yake ya kwanza ya nyumbani mwaka 1877 dhidi ya Scotland. Hakuna uwanja wa kimataifa wa soka unaotumika hadi leo uliotangulia huu. Tangu waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney walipoinunua klabu mwaka 2021, na timu kupanda daraja mara tatu mfululizo 2023, 2024 na 2025, tiketi zimekuwa shida: wanachama huuziwa kwanza. Jiunge miezi kabla, au usiweke matumaini.

Wa mpira wa kweli asiye na tiketi ageukie upande wa pili wa reli: Gobowen, kisha mwendo wa nusu saa hivi hadi Park Hall, Oswestry, nyumbani kwa klabu ya The New Saints. Uwanja uko England, ligi ni ya Wales, nyasi ni za bandia, na nafasi hupatikana mlangoni. Msimu wa 2024/25 ndio walikuwa timu ya kwanza ya ligi ya Wales kufika hatua ya ligi ya mashindano ya Ulaya. Unasimama mita chache kutoka mstarini, unasikia kila anachosema kocha. Mechi nyingine za ligi hiyo huchezwa Ijumaa usiku, basi kalenda isomwe wakati wa kupanga wiki.

Siku ya saba, Jumapili: kushuka

Saa sita hadi saba za mwendo, na loki zile zile mbili kwa kushuka. Hatari imehama kutoka omo kwenda tezi. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha mawe kinachochomoza ndani ya chumba, kimefichwa loki ikiwa imejaa, na ukutani kimewekewa alama nyeupe. Tezi ikibaki nyuma ya alama hiyo wakati maji yanashuka, usukani na rafadha hukaa juu ya kizingiti, omo inaendelea kushuka, na boti inazama kwa pembe ndani ya dakika chache. Sogea mbele ya alama, baki hapo kwa gia ya mbele, mtu mmoja asifanye kazi nyingine ila kutazama tezi. Likitokea, funga vibao vya chini kwanza, ndipo ufungue vya juu taratibu kuirudishia boti maji.

Wakati wa kushuka kamba isifungwe popote. Izungushwe mara moja kwenye nguzo na ishikwe mkononi, iachiliwe kadiri boti inavyoshuka. Iliyofungwa huning'iniza boti.

Lala Ellesmere, jaza maji, fagia.

Siku ya nane, Jumatatu

Boti hurudishwa saa tatu asubuhi, wala si saa tatu na nusu, kwani wasafishaji wana wageni wengine mchana. Injini ya boti hii hunywa lita moja hadi moja na nusu ya dizeli kwa saa, hivyo hesabu ya mafuta unaweza kuifanya mwenyewe kabla ya kuletewa. Hendeli zote na ufunguo wa vituo vya maji vikabidhiwe mkononi mwa mtu. Kikikosekana kimoja, bei yake hukatwa kwenye amana.